Diski ya Ijumaa

Inspekta alipofungua mlango wa ofisi yake saa moja na nusu asubuhi, alimkuta mwanamke asiyemjua ameketi kwenye kiti cha wageni, magoti yamebanwa pamoja, mkoba umepakatwa kama mtoto.

Askari wa zamu alikuwa amemwambia asubiri nje. Alisubiri mpaka askari alipokwenda kuchukua chai, ndipo akaingia.

"Usinikasirikie, dada," alisema. "Pale nje wananijua. Hapa ndani hunijui bado."

Inspekta hakukaa. Tangu Jumanne alikuwa hawezi kukaa. Aliweka funguo mezani, akazichukua tena, akamwuliza ni nani. Mwanamke akasema mtaani anaitwa Mama Pacha. Mume wake ndiye aliyekatwa vidole vinne kiwandani.

Jalada la kesi hiyo lilikuwa palepale mezani, limefungwa kwa kamba. Kiwanda cha mbao, nje kidogo ya mji. Msumeno mkubwa unaoongozwa na kompyuta ya zamani, ile inayosoma maelekezo yake, kila inapowashwa, kutoka kwenye flopi, diski ndogo ya plastiki. Kila baada ya kukata, msumeno hutakiwa kupumzika sekunde kumi na mbili ili mtu atoe ubao. Jumanne ya tarehe saba ulipumzika sekunde tatu. Mtu alikuwa amebadilisha namba ndani ya flopi, na aliyekamatwa ni mwendesha mashine, mzee wa miaka hamsini na nane ambaye kiwanda kizima kinamwita Mzee Diski. Jioni hii, saa kumi na moja, gari lingempeleka rumande.

Mama Pacha alifungua mkoba. Akatoa mfuko wa plastiki wa maziwa, uliooshwa, ukakaushwa na kukunjwa mara mbili. Ndani yake mlikuwa na flopi moja nyeusi, mraba, yenye lebo iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: IJUMAA.

Alieleza kwa sauti ya chini. Vumbi la mbao linaua diski, kwa hiyo Mzee Diski alikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa kabla ya kufunga alihifadhi maelekezo ya mashine kwenye diski ya pili, akampa Baba Pacha aende nayo nyumbani, ikalale pasipo na vumbi. Kiwanda kikiungua, kazi haifi. Ijumaa inayofuata Baba Pacha anairudisha, inaongezewa, anaondoka nayo tena. Miaka sita sasa.

"Imekuwa kabatini kwangu, chini ya nepi za watoto," alisema. "Mama yake Mzee Diski alikuja kwangu juzi. Hakulia. Aliniuliza tu kama ninayo. Nikamwambia nitaileta polisi."

"Mume wako anajua umeileta?"

Mama Pacha alitazama mfuko. "Aliniambia niitupe. Alisema imeshakuwa kitu cha mkosi."

Inspekta aliliandika hilo kwenye daftari, akapita. Watu wengi hutaka kutupa vitu baada ya ajali.

Alipoandika stakabadhi ya kupokea kielelezo, Mama Pacha hakuichukua mara moja. Alikuwa na ombi. Chochote kitakachoonekana humo ndani, yeye aambiwe kwanza. Kabla ya mkuu wa kituo, kabla ya kiwanda, kabla ya mtu yeyote.

"Jumanne nilisikia habari za mume wangu sokoni," alisema. "Muuza nyanya ndiye aliyeniambia, huku akinipimia. Safari hii nataka kuambiwa na mtu aliyekuja kuniambia."

Kwa kanuni, Inspekta alipaswa kukataa. Alikuwa na miaka minne tu kazini, na bado aliamini kwamba kanuni ziliandikwa na watu wema. Lakini muuza nyanya alimwingia moyoni.

"Nakuahidi," alisema.

*

Kabla ya jambo lolote alifanya alichofundishwa. Pembeni mwa flopi kuna kilango kidogo cha plastiki kinachoteleza. Kikifungwa, mashine inaweza kuandika na kufuta. Kikiachwa wazi, inaweza kusoma tu. Alikisukuma kwa ukucha mpaka mwanga ukapita kwenye tundu, akaandika saa na dakika kwenye fomu.

Kisha akaenda kwa karani wa masjala, mwenye kompyuta pekee ya kituo. Karani aliitumbukiza flopi kwa furaha ya mtu aliyepata sababu ya kuacha kupanga mafaili. Mashine ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Maneno yakatokea kwenye skrini.

"Inasema diski haijaandaliwa," alisoma karani. "Inauliza iiandae? Nasema ndiyo."

Kidole chake kilikuwa kinashuka. Inspekta alikidaka hewani.

"Kuandaa ni kufuta kila kitu," alisema.

Karani aliangalia kidole chake kama si chake. Akasema basi ingekuwa vizuri mashine ingesema hivyohivyo, badala ya kujifanya inasaidia.

Kilango wazi kingeizuia mashine hata kama angebonyeza, Inspekta alijua hilo. Hata hivyo aliishika flopi kwa mikono miwili mpaka alipofika ukumbini. Hapo ndipo mkuu wa kituo alipomkuta. Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda mambo yaishe. Alimkumbusha kwamba saa kumi kamili gari litaondoka hapo kituoni kumpeleka kwenye usaili wa kikosi cha upelelezi cha mkoa. Alikuwa ameomba mara mbili huko nyuma bila kuitwa. Safari hii ameitwa.

"Ukipata chochote kwenye hicho kidubwasha, nipigie simu palepale ulipo," alisema Mkuu. "Mimi nitamalizana na mzee. Wewe uwahi gari. Hawangoji mtu, binti yangu."

Inspekta alijibu, "Sawa, Mkuu," na alikuwa ameshafika kwenye ngazi ndipo alipokumbuka kwamba ameahidi watu wawili vitu viwili visivyokaa pamoja.

*

Fundi wa kompyuta za zamani alikuwa na duka nyuma ya jengo la posta, chumba kirefu chenye mashine zilizokufa mpaka darini. Wateja walimwita Daktari. Alivaa koti jeupe kweli, lenye madoa ya wino, na alizungumza na mashine zaidi kuliko na watu.

Inspekta alimletea diski mbili. Ya kwanza ilikuwa Ijumaa. Ya pili ilikuwa ile iliyokutwa ndani ya mashine ya kiwandani baada ya ajali, ambayo kwenye fomu iliandikwa kielelezo namba moja. Daktari alianza na Ijumaa. Mashine yake ilikoroma kama ya karani, kisha ikaandika mstari.

"Hizi za zamani zina adabu," alisema. "Inakuuliza: niache, nijaribu tena, au nikubali nimeshindwa?"

Alichagua kujaribu tena. Mara tano. Inspekta alikuwa akitembea kati ya mlango na meza, hatua saba kwenda, saba kurudi, mpaka Daktari akamwomba akae au aende nje, kwa sababu sakafu inatikisika na mgonjwa yuko mezani.

Alifungua draivu, mdomo wa mashine unaomeza diski, akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa kichwa cha kusomea, polepole, akakingoja kikauke. Akajaribu. Vilevile. Akaitikisa diski kando ya sikio lake, akaiteleza bati yake ndogo na kuchungulia utando wa ndani kwa tochi. Hapakuwa na mkwaruzo wala ukungu.

"Imekufa?" aliuliza Inspekta.

"Ngoja. Nipe ile nyingine."

Kielelezo namba moja nacho kiligoma. Kwa mlio uleule, kwenye mstari uleule. Daktari aliegemea kiti. Akachukua diski yake mwenyewe kutoka kwenye droo, akaitia, na mashine ikaisoma bila kulalamika.

"Sasa fikiri na mimi, Afande. Draivu yangu ni nzima, umeona. Diski zako mbili zinagoma kwa namna moja. Diski mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Kwa hiyo wagonjwa si hizi. Mgonjwa ni nani?"

"Aliyeziandika."

"Umefaulu." Alionyesha kwa kidole kwamba kichwa cha draivu hufuata njia, kama jembe na matuta. Draivu ya kiwandani imetikiswa na msumeno miaka mingi, kichwa kimekaa upande kidogo. Inaandika upande, na inasoma upande huohuo. Pale kiwandani hakuna shida. Mashine nyingine yoyote duniani itapita kando ya maneno.

Inspekta alikuwa tayari ameshika mlango. Daktari alisema ana wateja. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Akavua koti jeupe, akalitundika, akabeba kisanduku chake.

*

Kiwandani palikuwa kimya, na kimya hicho kilimuuma msimamizi kuliko mtu yeyote. Wafanyakazi walimwita Haraka. Alikuja mbio kutoka kwenye rundo la mbao, akauliza kama wamekuja kuondoa utepe wa polisi, kwa maana kuna mzigo wa watu na watu wamechoka kungoja.

Tangu siku ya kwanza Inspekta alimshuku huyu. Hakuweza kuficha moyoni kwamba angefurahi awe yeye. Ni yeye aliyetoa karatasi iliyomtia mzee ndani: orodha ya mafaili iliyochapishwa na karani wa kiwanda siku moja baada ya ajali, ikionyesha faili la maelekezo lilibadilishwa 06-05, 8:17, na kando yake herufi a, ya asubuhi. Tarehe sita mwezi wa tano, saa mbili na dakika kumi na saba. Muda huo Mzee Diski huwa peke yake kwenye chumba cha mashine. Aliulizwa kama alikuwa peke yake Jumatatu asubuhi, akasema ndiyo. Aliulizwa kama aligusa namba, akasema hapana, iulizeni mashine. Karatasi yenyewe hakuna aliyemwonyesha. Kosa hilo lilikuwa la Inspekta, na alilijua.

Alimhoji Haraka wakiwa wamesimama.

"Jumatatu, ulikaa kwenye ile kompyuta?"

"Sijawahi kuikalia maisha yangu. Naiogopa."

"Lakini ulitaka iende mbio."

"Kila mtu anataka iende mbio, Afande. Hata wewe ungekuwa na mzigo."

"Uliwaambia nini wafanyakazi Jumatatu?"

Haraka alitazama upande wa geti. "Niliwaambia mzigo uondoke Jumatano," alisema, "na ukiondoka, Alhamisi wakalale kwao." Inspekta akamwuliza tena, maneno yenyewe.

"Nilisema mashine inalala sana. Ndivyo nilivyosema. Nilisema ubao ukishakatika unangoja nini?"

Inspekta aliyaandika yote, akamwomba abaki nje.

Chumba cha mashine kilikuwa na dirisha moja na vumbi laini kama unga. Inspekta alikata utepe. Daktari akapiga magoti kuchunguza nyaya, akabonyeza swichi, na kompyuta ikaamka kwa shida. Kioo chake kilikuwa cha kijani. Neno la kwanza lililotokea lilikuwa swali.

"Betri ya saa yake imekufa," alisema Daktari kutoka chini ya meza. "Ikizimika inasahau siku. Kila ikiwashwa lazima uikumbushe. Andika tarehe, halafu saa, halafu Enter. Mimi nimeshika waya huu, nikiuachia inazima."

Inspekta aliandika 10-05. Mashine ilikubali. Akatazama saa yake ya mkononi, saa nane na dakika ishirini mchana, akaandika 8:20. Mashine ikakubali hilo pia.

Aliingiza Ijumaa. Draivu ilikoroma kwa sauti nyingine kabisa, nzito, ya kuridhika, na orodha ikateremka. Mafaili matatu, ya Ijumaa tatu. Daktari alipata kibanio cha waya, akainuka akipangusa magoti, akafungua la mwisho. Pumziko, sekunde kumi na mbili.

"Haya, mzee wako ameacha kumi na mbili," alisema.

"Ijumaa ameacha kumi na mbili. Watasema aliibadilisha Jumatatu." Inspekta aliinama karibu na kioo. Kitu kilikuwa kinamwasha machoni na hakukijua. Tarehe za mafaili matatu zilikuwa 04-19, 04-26, 05-03. Akazisoma kwa sauti, mara moja, kisha ya pili. "Daktari. Mwezi wa ishirini na sita uko wapi?"

Daktari alicheka. "Hii mashine inataka mwezi kwanza, siku baadaye. Ndivyo ilivyotengenezwa. Mzee kazoea. Wewe umeiandikia nini?"

"Kumi, tano."

"Basi umeipeleka mwezi wa kumi, siku ya tano. Ingekuwa leo tarehe kumi na tatu ingekukatalia. Mpaka kumi na mbili inameza tu, maana miezi ni kumi na miwili. Na saa?"

"Nane na ishirini."

"Mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Nane yake ni saa mbili yetu asubuhi. Alasiri lazima uiandikie kumi na nne." Alinyoosha mkono ili asahihishe.

Inspekta aliukamata mkono huo, kama alivyokidaka kidole cha karani.

Halafu akatoa karatasi ya Haraka kutoka kwenye jalada, akaiweka kando ya kioo. 06-05. Mzee Diski, ambaye kila Ijumaa ameandika mwezi kwanza, angeandika 05-06. Aliyeandika 06-05 aliandika kama mtu yeyote anavyoandika tarehe, kama alivyoandika yeye Inspekta dakika tano zilizopita. Na mtu huyo aliitazama saa yake ya mkononi, akaandika saa kama anavyoitaja kwa Kiswahili. Haikuwa saa mbili asubuhi. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na saba mchana.

Sasa alikuwa hatembei tena, alikuwa anakimbia. Haraka alimwambia kwamba Jumatatu mchana Mzee Diski hakuwepo, alikwenda kung'olewa jino, akarudi saa kumi. Mbona hakusema mapema? "Hakuna aliyeniuliza habari za mchana," alisema Haraka. Yeye mwenyewe mchana huo alikuwa getini akipakia lori. Inspekta alikwenda getini kwa miguu yake. Daftari la mlinzi lilikuwa na sahihi ya Haraka saa nane kasorobo, lori lilipoingia, na saa nane na nusu, lilipotoka, na mlinzi akaapa kwamba bwana huyo hakuondoka hata kwenda haja, alikuwa anahesabu mbao na kugombana na dereva.

Kwa hiyo si yeye. Inspekta alihisi kitu kama njaa.

Akarudi chumba cha mashine. Nyuma ya mlango lilining'inia daftari la mashine, limefungwa kwa uzi, la kuandikia umeme ukikatika na ukirudi. Alikuwa amelipita siku tatu. Alifungua Jumatatu. Umeme umekatika saa 7.20 mchana. Umeme umerudi, nimewasha mimi, saa 8.05 mchana. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa mtu aliyejifunza kuandika kwa bidii. Sahihi ilikuwa ya Baba Pacha.

"Aliniambia niitupe," alikuwa amesema Mama Pacha asubuhi.

Inspekta alisoma mstari huo mpaka Daktari akamwuliza kama anaumwa. Dakika kumi na mbili, kutoka kuwasha mashine mpaka kubadilisha namba. Miaka sita alisimama nyuma ya mzee akimtazama anavyofanya kila Ijumaa. Alijua faili, alijua namba. Ambacho hakukijua ni tarehe na saa, maana vitu hivyo mzee aliviandika asubuhi, kabla wengine hawajafika.

*

Haraka alimkaribisha ofisini. Simu ilikuwa mezani, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi.

Ilikuwa rahisi mno. Simu moja kwa Mkuu, maneno kumi. Mzee atoke kabla ya chai ya jioni, gari la kikosi cha mkoa limpitie yeye Inspekta hapahapa kiwandani, na koplo fulani atatumwa hospitali alikolazwa Baba Pacha, na pingu mfukoni. Angefika kitandani mbele ya wagonjwa wengine, wakati wa kutazama wagonjwa, mke akiwa ameshika bakuli. Jioni hiyohiyo muuza nyanya angekuwa na habari hiyo.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni na kisanduku chake. "Mimi nimesoma diski tu," alisema. "Sijaona daftari lolote. Mimi ni mtu wa waya."

Inspekta alitia daftari la mashine kwenye bahasha, akalipiga muhuri, akaandika saa. Simu hakuigusa.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Alishuka njiani mara moja kwa sababu foleni ya magari haikusogea, akamalizia kwa miguu, viatu vya kazi vikimchuna visigino. Mama Pacha alikuwa kwenye veranda ya wodi ya wanaume, amekaa kwenye benchi, hajaingia bado. Alimwona kutoka mbali, na kabla Inspekta hajafika alikuwa amesimama.

"Nimekuwa wa kwanza?" aliuliza.

"Wa kwanza."

"Basi sema."

Inspekta alimweleza bila kuzunguka. Mzee hakubadilisha namba. Msimamizi hakuibadilisha kwa mkono wake, ingawa maneno yake yameandikwa na yatakwenda mbele ya wakubwa. Alimweleza umeme uliporudi, na daftari, na sahihi. Alipofika kwenye sahihi hakupunguza neno, akaendelea mpaka mwisho. Mama Pacha alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

"Pacha hawalali," alisema hatimaye. "Wiki nzima ile hawakulala. Alikuwa anataka Alhamisi. Alhamisi tu, alale." Akavuta pumzi. "Aliponiambia niitupe nilijua. Sikujua nini, lakini nilijua. Nilimwambia mama yake mzee nitaileta, nikaileta."

"Nenda umwambie," alisema Inspekta. "Mwenyewe. Mimi nitangoja hapa. Akitaka kusema kabla sijamwuliza, itaandikwa kwamba alisema kabla sijamwuliza. Hilo lina uzito wake. Si mwisho wa maisha yake."

Alimaanisha alichosema, na Mama Pacha alionekana kuliona hilo. Aliingia wodini. Kupitia wavu wa dirisha Inspekta aliona kitanda cha tatu, bandeji kubwa nyeupe, kichwa cha mwanamke kikiinama. Hakusikia neno. Aliona tu mkono mzima wa mwanamume ukipanda, ukafunika macho.

Saa ya hospitali, juu ya meza ya wauguzi, ilionyesha dakika tano kabla ya saa kumi. Muuguzi alitoa kichwa mlangoni, akauliza kama hapa kuna Inspekta. Simu kutoka kituoni. Mkuu wake anasema amepiga kiwandani wakamwelekeza huku. Anauliza kuna jibu au hakuna, na anasema gari linaweza kupinda kupitia hapa, lakini awe getini sasa hivi.

Inspekta alitazama upande wa geti. Kutoka pale alipokuwa angeweza kukimbia. Alikuwa amekimbia siku nzima.

Mama Pacha alitokea mlangoni mwa wodi. Macho yalikuwa mekundu, mgongo umenyooka.

"Anasema uje," alisema. "Anasema aandikiwe yeye, mzee atoke leo. Lakini anaomba nikae naye mpaka amalize. Na usiondoke katikati."

Muuguzi alikuwa bado anangoja.

"Mwambie Mkuu jibu lipo," alisema Inspekta, "namletea mwenyewe kabla ya saa kumi na moja. Gari la rumande lisiondoke kabla sijafika. Lile lingine liende."

Akatoa daftari, akatafuta ukurasa mtupu, akaingia wodini. Alivuta kiti karibu na kitanda cha tatu na, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akakaa.